Wakala mikononi mwa mwenyeji

Msikilizaji, kuilinda kompyuta dhidi ya programu ngeni tumeshazoea. Kigumu ni kumlinda mgeni dhidi ya mwenyeji. Mwaka 1994 kampuni ya Marekani, General Magic, ilileta Telescript, lugha ya kuandikia programu-wakala zinazohama kutoka kompyuta moja hadi nyingine zikimtafutia mtu, tuseme, tiketi ya bei nafuu. Lakini wakala akifika kwa muuzaji, anaendeshwa na mashine ya muuzaji huyohuyo. Bei alizokusanya kwingine zinasomeka. Kikomo cha fedha ulichompa pia. Ni sawa na kumtuma mtoto sokoni noti zikiwa zimebandikwa kifuani. Mwaka 1998 watafiti Sander na Tschudin walipendekeza wakala apige hesabu zikiwa zimefumbwa, mwenyeji asizielewe. Wazo zuri, ila njia yao ilimudu hesabu za aina chache tu. Saini ya kidijitali, nayo, husaidia kugundua wakala aliyechezewa baada ya kurudi. Kama atarudi.