Uwatu kwa Sisi Tukaao Kitini



Kazi yetu ni ya kukaa kitini, na matumbo yetu yashuhudia. Kitambi, sukari iliyopanda, shinikizo la damu na mafuta mabaya ya damu vikikutana katika mwili mmoja, huwa vyaandaa njia ya kisukari na maradhi ya moyo. Mwanamume ambaye kiuno chake kimefika sentimita 94 yampasa akapimwe.

Wengi wetu twautumaini uwatu, ule ambao bibi zetu huwapa waliojifungua ili maziwa yatoke. Hatuudharau. Mbegu zake zikirowekwa hutoa utelezi, nao huchelewesha sukari ya chakula kuingia damuni. Majaribio kadhaa yameonyesha sukari ya wagonjwa ikishuka, ingawa mengi yalikuwa madogo.

Linalotutia hofu ni mwenzetu kuacha vidonge vyake kwa ajili ya uwatu. Asiviache, wala asimfiche daktari, maana viwili hivyo pamoja vyaweza kushusha sukari kupita kiasi, mtu akatetemeka, akatoka jasho, hata akazimia. Mama mjamzito asiutumie kama dawa. Na uwatu uliokorogwa kwa vijiko vitatu vya sukari, kama tuuonavyo vikombeni mwetu, ni dawa ya nini?