Kikuza Sauti na Spika za Nyumbani: Wati Zilizoandikwa na Wati Zilizopo



Spika zinapoungua nyumbani, mwenye nazo huambiwa dukani kuwa alifungua sauti kupita kiasi, na madai yake ya dhamana huishia hapo. Huenda ni kweli. Lakini sisi tungependa mwitazame siku ya ununuzi, kwani mara nyingi kosa hutendeka pale, mnunuzi anapochukua kikuza sauti, au amplifaya kama wengi tuiitavyo, kwa kuvutiwa na namba iliyo juu ya kasha.

Namba hiyo huwa kubwa ajabu: wati 3,000, pengine 10,000, ikifuatwa na herufi PMPO. Herufi hizo hazina kanuni moja ya upimaji. Kila mtengenezaji hukokotoa apendavyo. Igeuzeni amplifaya, mkisome kibati cha nyuma kinachoonyesha kiasi cha umeme inachotumia. Kikisema wati 60, chombo hicho hakiwezi kutoa wati 3,000 mfululizo, maana hakuna mashine itoayo nguvu kuliko inayopewa. Namba zote mbili ni za mtengenezaji yule yule, ila ya pili huandikwa kwa maandishi ambayo hata sisi vijana hulazimika kuyainamia.

Ulizeni wati za mfululizo, ambazo aghalabu huandikwa RMS: ni ngapi kwa kila chaneli, na kwa omu ngapi? Kero hii si ya kwetu pekee. Marekani iliweka kanuni ya kutangaza nguvu za amplifaya mwaka 1974, na mwaka 2024 ikairekebisha ili kipimo kichukuliwe kwa omu 8.

Hizo omu ndizo zinazosahauliwa zaidi. Ni kipimo cha ukinzani, na spika nyingi za nyumbani huwa za omu 8, 6 au 4. Kadiri omu zinavyopungua, ndivyo spika inavyovuta mkondo mkubwa zaidi. Amplifaya iliyotengenezwa kwa omu 8 na kuendelea, ikifungiwa spika za omu 4 na kupigwa kwa sauti kubwa, itapata joto, itajizima au itaungua. Hatari huongezeka mtu anapotaka kuongeza jozi ya pili ya spika kwa ajili ya sherehe. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba kwenye chaneli moja, kwa amplifaya ni omu 4. Mbili za omu 4 huwa omu 2, kiasi ambacho amplifaya nyingi za nyumbani hazikistahimili.

Je, sebule inahitaji wati ngapi? Chache kuliko mnavyoambiwa. Ili sauti iongezeke kwa desibeli 3, wati sharti ziwe maradufu. Kwa hiyo spika yenye wepesi wa desibeli 91 kwa wati 1, ikipimwa umbali wa mita 1, hutoa kwa wati 25 sauti ile ile ambayo spika ya desibeli 88 huitoa kwa wati 50. Spika nzuri hupunguza gharama ya amplifaya.

Wala msidhani kwamba amplifaya dhaifu ni salama kwa spika kubwa. Ikisukumwa kupita uwezo wake, hukata vilele vya mawimbi ya sauti. Muziki hukwaruza, na spika ndogo ya sauti nyembamba, yaani twita, huweza kuungua. Mkisikia mkwaruzo, punguzeni sauti papo hapo.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji. Basi nendeni dukani na maelezo ya spika zenu, mkamwombe muuzaji aandike kwenye risiti wati za mfululizo na omu alizowatajia. Na kasha msilitupe: mkituletea lalamiko, lije pamoja na risiti hiyo.