Jumla Ileile, Majibu Mawili

Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu, nayo ni kutunga programu za hesabu za migodi. Sisi wa Shinyanga na jirani zetu wa Geita tunaishi juu ya mali: almasi ya Mwadui tangu 1940, dhahabu ya Bulyanhulu, na mgodi mkubwa wa Geita uliofunguliwa mwaka 2000. Katika kazi hii mwamba hugawanywa ndani ya kompyuta kuwa vipande vingi, kila kimoja na makadirio ya dhahabu yake, kisha hujumlishwa. Kwa wingi wake, kazi hugawiwa prosesa kadhaa zifanye kwa wakati mmoja.

Darasani tulifundishwa kuwa mpangilio wa kujumlisha haubadili jibu. Katika kompyuta unaweza kulibadili. Namba ya desimali ya biti 32 hubeba tarakimu kama 7 tu. Chukueni gramu 16,777,216, mwongeze 1: jibu halisogei. Ongezeni 1 tena: halisogei. Lakini jumlisheni kwanza zile 1 mbili, ndipo mziongeze: mtapata 16,777,218. Basi prosesa zikimaliza kwa zamu tofauti, leo mtapata jibu hili na kesho lile, wala hakuna aliyegusa takwimu.

Msidharau gramu 2. Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lililojulikana kwa hisa za migodi, lilianza kipimo chake cha bei kwa 1,000 mwezi Januari 1982. Kila kilipohesabiwa, kompyuta ilikata tarakimu zilizozidi nafasi ya tatu ya desimali. Novemba 1983 kilisomeka kama 524. Kiliposahihishwa kilikuwa kama 1,098. Haba na haba hujaza kibaba, huko ilikimwaga.

Dawa zipo. Tumieni biti 64. Wekeni mpangilio mmoja wa kujumlisha usiobadilika. Au fuateni njia ya William Kahan ya mwaka 1965: kinachodondoka hutunzwa kama chenji, kikarudishwa katika hesabu inayofuata. Na kipande kilicho mpakani, kati ya kupelekwa kiwandani na kutupwa, kiangaliwe na mtu.

Vijana, mkiandika jibu, andikeni pia linaaminika hadi tarakimu ya ngapi. Watu watachimba kwa kulitegemea.