Jina la Mtu Katika Kitabu cha Mwingine



Nimekuja kuzungumzia tawasifu za watu mashuhuri na ugomvi wa kashfa unaozifuata. Hakuna anayeweza kuandika maisha yake bila kuandika ya wenzake. Lazima atamtaja mume, mke, mkubwa wa kazi, jirani. Nao wana majina, na kwetu jina ni mali: kwa jina zuri mtu hupewa mke, hukopeshwa dukani, huachiwa funguo za nyumba ya watu. Ninachodai jioni hii ni kwamba sheria yetu ya kashfa inamlinda mwenye uwezo na kumwacha mnyonge mikononi mwa mwandishi.

Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inatupa uhuru wa kujieleza, papo hapo inatutaka tuheshimu haki na sifa za wengine. Sheria ya Kashfa, Sura ya 36, inamruhusu aliyeharibiwa jina kudai fidia. Mwandishi naye ana kinga, na kubwa kuliko zote ni ukweli. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, lakini mahakamani aliyeandika ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Februari 2017 Jaji John Mativo alibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoifanya kashfa kuwa kosa la jinai. Aliamua kwa haki. Ugomvi wa jina umalizwe kwa fidia, si kwa pingu.

Tazameni sasa sheria hiyo inavyofanya kazi kwa mkubwa. Dkt. Iain West, mtaalamu wa Uingereza wa kuchunguza maiti, alishirikiana na mwandishi wa habari Chester Stern kuandika kitabu cha kumbukumbu za kazi yake. Ndani yake mlikuwa na mauaji ya Dkt. Robert Ouko, waziri wetu wa mambo ya nje aliyeuawa Februari 1990. Nicholas Biwott, aliyekuwa waziri mwenye nguvu enzi za Rais Moi, alishtaki kwamba kitabu kimemkashifu. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Nairobi ilimpa fidia ya shilingi milioni 30. Ugomvi wa kitabu hicho uliwagusa hata wauza vitabu. Mwenye duka akishaona hivyo, atafikiri mara mbili kabla ya kuweka kwenye rafu kitabu kinachomtaja mkubwa.

Njooni sasa huku kwetu Kwale, pwani ya kusini. Mwaka 1986 Mswisi Corinne Hofmann alikuja likizo pwani yetu. Kwenye feri ya Likoni akamwona kijana wa Kisamburu aliyevaa mavazi ya kimorani, akampenda. Walioana, wakaishi Barsaloi, huko Samburu, wakapata mtoto, na mwaka 1990 mama akarudi Uswisi. Kitabu chake, Die weisse Massai, kilitoka Ujerumani mwaka 1998, kikauzwa kwa mamilioni, na mwaka 2005 kikawa filamu. Ndani yake mna mambo ya chumbani na magomvi ya mume na mke, ambayo sitayarudia hapa. Simwiti mama huyo mwongo. Maisha aliyoyasimulia ni yake na ana haki ya kuyasimulia. Lakini ndoa ni ya wawili, na ulimwengu umeisoma kwa mdomo wa mmoja.

Tuchukulie kijana wa Diani, anayeongoza wageni kwenye mwamba maji yakipwa, ameandikwa uongo katika kitabu kama hicho. Afanyeje? Kitabu kimeandikwa kwa lugha asiyoisoma, kimechapishwa nchi asiyopata viza yake. Sheria ya Kenya inampa miezi 12 tu kufungua kesi ya kashfa. Habari itakapomfikia Diani, huenda muda umekwisha. Akikimbilia msaada wa serikali, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 imezitaja kesi za kashfa kati ya zile zisizopewa msaada. Kwa hiyo haki anayo, ila njia ya kuifikia hana.

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, Bunge liondoe kizuizi hicho cha msaada, na miezi 12 ihesabiwe tangu siku mtu alipojua ameandikwa. Pili, mchapishaji ampelekee anayetajwa kurasa zinazomhusu kabla ya kitabu kupigwa chapa, zifasiriwe kwa lugha anayoielewa, na jibu lake litiwe katika kitabu hichohicho. Hapo hakuna anayezibwa mdomo. Wa pili naye anapewa nafasi ya kusema.

La tatu ni letu sisi wa chuo. Wapishi wa mahoteli ya Diani, wavuvi wa Msambweni, akina mama wanaosuka wageni nywele ufukweni, wote wameandikwa na watu wengine kwa miaka mingi. Wanafunzi wangu, nendeni mkawasikilize, muandike maisha yao kwa Kiswahili na Chidigo, muwasomee mlichoandika, na msichapishe mpaka waseme: ndivyo. Chuo kinachofanya hivyo kitakuwa kimewalinda watu wake hata kabla Bunge halijakaa.