Pikipiki ikiibwa, bima ndogo hailipi
Kuanzia Kahama hadi Katoro, maeneo ya machimbo nchini Tanzania, pikipiki ndiyo inayombeba mchimbaji, mzigo wake na riziki ya dereva. Nyingi zina bima ndogo tu, ile ya lazima chini ya Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Hiyo humfidia aliyegongwa. Chombo kikiibwa, mwenye nacho hapati hata senti. Kijana wa mkataba, anayemlipa tajiri mwenye pikipiki kidogo kidogo hadi iwe yake, anabaki kulipa deni la pikipiki ambayo hana tena, na hili linaumiza. Bima kubwa hufidia wizi, ila bei yake hufuata thamani ya chombo na hatari ya kuibwa. TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, izihimize kampuni zitoe bima ya wizi inayolipwa kila wiki, pamoja na hesabu, yaani malipo ambayo kijana humpelekea tajiri.