Amri Moja, Kompyuta Mbili

Somo letu la leo ni habari za kompyuta na amri zake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya mawili: copy, cp.

Yote mawili maana yake ni "nakili". La kwanza ni la kompyuta yenye Windows, la pili ni la kompyuta yenye Linux. Windows na Linux ni mifumo endeshi, yaani ndiyo inayosimamia kazi zote za mashine. Kila mmoja una maneno yake. Ukiwaamkia watu wa Haneti "Mbukwenyi", wataitika. Ukienda Unguja ukaamkia hivyo, watakutazama tu.

Sasa sikilizeni vizuri. Tuseme katibu wa chama cha ushirika ana orodha ya amri, ambayo mafundi huiita skripti. Kila jioni skripti hiyo hufanya kazi mbili. Kwanza huiita amri ya copy ili hesabu za alizeti zinakiliwe kwenye diski ya pembeni. Kisha, yenyewe, huzifuta hesabu hizo katika kompyuta ili kupata nafasi. Miezi inapita, kazi inakwenda. Siku moja inaletwa kompyuta nyingine, nayo ina Linux. Skripti inasema copy. Linux haiijui amri hiyo, hainakili kitu. Lakini skripti haingoji jibu. Inaendelea na kazi ya pili: inafuta. Je, mkulima aliyeleta magunia kumi atalipwa kwa hesabu ipi? Haipo huku wala huko.

Basi jueni kwamba amri ikimaliza kazi huacha nambari. Nambari 0 maana yake kazi imefanyika. Amri isipojulikana, Linux hutoa 127. Skripti iagizwe hivi: usipopata 0, simama, usifute. Ukimtuma mtoto mashineni kusaga mtama, huwapi kuku ule uliobaki kabla hujauona unga.

(Iko amri moja ya Windows, Robocopy, ambayo hutoa 1 hata ikiwa imenakili vizuri, kuanzia 8 ndipo imeshindwa. Kwa hiyo fundi asome maelezo ya kila amri, asikisie.)

Pia skripti yaweza kuuliza kwanza: hapa ni Windows au Linux? Kisha ichague neno linalofaa. Lakini kwa kazi ndogo kama kunakili, mimi naona afadhali isiite amri ya nje hata kidogo. Lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi, ina njia yake yenyewe, shutil.copy. Hiyo hufanya kazi pande zote mbili, tena ikishindwa husimamisha skripti, isipokuwa fundi ameagiza vingine.

Zoezi. Amri ya ping hubisha hodi kwa kompyuta nyingine. Katika Windows, ping -n 4 hubisha mara nne; katika Linux huandikwa ping -c 4, maana huko -n ina kazi nyingine. Andikeni madaftarini: katibu akihamia Linux, abadilishe herufi ipi? Mwalimu atasahihisha. Kwaherini.