Dakta Wallace Fox na Maradhi ya Mapafu
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Halmashauri ya Chama imeniagiza niseme machache juu ya maradhi ya mapafu. Agizo hilo lina sababu yake. Kila mwaka tunaposomewa hesabu ya Mfuko, twasikia fedha zilizotoka kwa ajili ya mazishi na kusafirisha maiti. Na katika hao tuliowazika wamo waliokohoa miezi mingi kabla hawajapimwa. Nimeona yafaa nieleze jambo hili kwa kufuata maisha ya kazi ya mtu mmoja, mtafiti ambaye kazi yake ilianzia katika kifua kikuu, ikafika katika saratani ya mapafu, na njiani ikapita hapa kwetu Ukambani. Mtu huyo ni Dakta Wallace Fox, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki mwaka 2010.

Ili tuielewe kazi yake, hatuna budi kujua kwanza jinsi dawa inavyothibitishwa. Zamani daktari alimpa mgonjwa dawa, na mgonjwa akipona, dawa ilisifiwa. Asipopona, ilisemekana siku zake zilikuwa zimekwisha. Mwaka 1948 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitangaza matokeo ya jaribio la namna nyingine. Wagonjwa 107 wa kifua kikuu waligawanywa kwa mfano wa kura. Watu 55 walipewa sindano za streptomaisini pamoja na kulala kitandani, na 52 walilala kitandani tu, kama ilivyokuwa desturi. Baada ya miezi sita, katika kundi la kwanza walikuwa wamekufa watu 4, na katika kundi la pili 14. Kura haina upendeleo. Haimtazami tajiri wala maskini, aliye na nguvu wala aliyedhoofika. Kwa hiyo tofauti ile haikuweza kuhesabiwa kuwa bahati. Hata hivyo ilionekana pia kwamba vijidudu vya ugonjwa huizoea dawa moja ikitumiwa peke yake, na ndipo madaktari wakajifunza kuchanganya dawa mbili au zaidi.

Dakta Fox alifuata njia hiyo maisha yake yote. Mwaka 1956 alikwenda mji wa Madras, huko Bara Hindi, kuongoza kituo cha utafiti wa dawa za kifua kikuu. Wakati huo iliaminika kwamba mgonjwa hawezi kupona ila alazwe muda mrefu katika hospitali maalumu, apumzike na kula vizuri. Nchi maskini ingepata wapi vitanda vya kuwatosha wote? Fox na wenzake waliwagawanya wagonjwa 193 kwa kura, wengine walazwe, wengine watibiwe nyumbani mwao, wote kwa dawa zile zile kwa muda wa mwaka mmoja. Matokeo yalitangazwa mwaka 1959. Wale wa nyumbani, ambao wengi wao walikaa katika vyumba vya msongamano na kula chakula hafifu, walipona karibu sawa na wale wa hospitali. Na jamaa waliokaa nao hawakuambukizwa zaidi kwa sababu ya mgonjwa kutibiwa nyumbani. Tangu hapo ikajulikana kwamba kinachomponya mgonjwa ni dawa zilizo sahihi, zikinywewa mpaka mwisho. Fox alilisisitiza sana hilo la mwisho, maana aliona kwamba mtu akijisikia nafuu huacha dawa. Kwa hiyo akafundisha kwamba yafaa mgonjwa asimamiwe anapomeza.

Mwaka 1965 Fox alifanywa mkuu wa kitengo cha kifua kikuu na maradhi ya kifua cha Baraza lile huko London, akashika kazi hiyo hadi mwaka 1986. Ndipo mkono wake ukafika kwetu. Tangu miaka ya 1950 madaktari wa Afrika Mashariki, wakishirikiana na Baraza, walikuwa wakijaribu dawa ya bei nafuu iitwayo thiasetazoni. Mwaka 1970 lilianza jaribio kubwa zaidi katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Swali lilikuwa hili: je, matibabu ya mwaka mmoja na nusu yaweza kupunguzwa yawe ya miezi sita? Jibu lilianza kutangazwa mwaka 1972. Waliotiwa rifampisini au pirazinamidi katika mchanganyiko wao wa dawa walirudiwa na ugonjwa wachache tu. Waliokosa zote mbili walirudiwa zaidi ya mmoja katika kila watano. Mwenzake mkuu katika kazi hiyo alikuwa Dakta Denis Mitchison, mtaalamu wa vijidudu. Matibabu ya miezi sita yanayotolewa leo katika zahanati zetu yana asili yake katika majaribio hayo, na wagonjwa wa Afrika Mashariki ndio waliokubali kuyapitia.

Thiasetazoni yenyewe haipewi tena sifa ile. Mwaka 1991 utafiti uliofanyika Nairobi ulionyesha kwamba inaweza kuwababua vibaya ngozi, hata kuwaua, wagonjwa wenye virusi vya Ukimwi, nayo ikaachwa. Nalisema hili ili tufahamu kwamba utafiti haukomi. Dawa iliyofaa jana hupimwa tena leo.

Sasa naomba Wazee wanisikilize kwa namna ya pekee. Mwaka 1977 lilichapishwa andiko la Dakta Nsanzumuhire na wenzake, Fox akiwa mmoja wao, juu ya utafiti uliofanyika katika Wilaya ya Machakos, wakati Makueni ilipokuwa bado sehemu ya wilaya hiyo. Walitaka kujua jinsi ya kuwapata wagonjwa wa kifua kikuu wasiojulikana. Hawakuanza kwa mashine. Waliwaendea viongozi wa vijijini, wakawaomba wawataje watu wa kijijini wanaokohoa kwa muda mrefu. Kisha makohozi ya watu hao yakapimwa. Kwa njia hiyo walipatikana wagonjwa wa kweli. Madaktari wengine wa Kenya, kama Dakta Aluoch, waliendeleza tafiti za namna hiyo katika miaka iliyofuata. Kwa maneno mengine, Wazee wetu, mtaalamu wa London alikuja kuomba maarifa ambayo ninyi mnayo tayari: mwamjua nani anakohoa usiku nyumba ya pili.

Nije kwenye saratani. Kitengo cha Fox hakikushughulikia kifua kikuu peke yake. Mwaka 1962 Baraza lilianza jaribio kwa wagonjwa 144 wenye saratani ya mapafu ya chembe ndogo, iliyo kali sana. Wakati huo wapasuaji wengi waliamini kwamba dawa ya uvimbe ni kisu. Wagonjwa waligawanywa kwa kura, nusu wapasuliwe, nusu wapewe mionzi. Mwaka 1973 Fox na mwenzake Scadding walitangaza habari za miaka kumi. Waliopangiwa kisu waliishi kwa wastani wa siku 199. Waliopangiwa mionzi, siku 300. Waliofika miaka kumi walihesabika kwa vidole, nao walikuwa wa upande wa mionzi. Habari hiyo haikuwa ya furaha, lakini iliwaepusha watu wengi na kupasuliwa bure. Iliwafundisha madaktari kwamba saratani ya aina hiyo huenea mwilini mapema, hata kisu hakiwezi kuifuata, na kwamba hapana budi kutafuta dawa ya kupita katika damu. Hata leo mionzi na dawa za namna hiyo ndizo tegemeo kwa saratani ya chembe ndogo. Kwa aina nyingine za saratani ya mapafu, kisu bado kinafaa, iwapo mgonjwa amewahi.

Chanzo chake kikubwa chajulikana. Mwaka 1950 Doll na Hill wa Uingereza walionyesha kwamba wavutaji wa sigara ndio wanaopatwa zaidi na saratani ya mapafu. Kenya ilitunga Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007. Lakini sheria haiingii ndani ya nyumba ya mtu. Humo huingia neno la baba na mfano wake. Na akina mama wanaopika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha, wasidhani moshi ule ni wa bure. Nao huumiza mapafu.

Taabu yetu hasa ni hii. Kifua kikuu na saratani ya mapafu hufanana mwanzoni: kikohozi kisichoisha, kukonda, maumivu ya kifua, damu katika makohozi. Kwa kuwa kifua kikuu ni kingi kwetu, mgonjwa wa saratani huweza kuhesabiwa kuwa na kifua kikuu, akanywa dawa miezi mingi bila nafuu. Kwa hiyo anayekohoa zaidi ya wiki mbili apimwe makohozi. Yasipoonyesha vijidudu, au dawa zisipomsaidia, asirudi nyumbani kungoja. Apigwe picha ya kifua, na daktari akiona haja, akatwe kinyama kidogo kikapimwe. Kipimo hicho mara nyingi humlazimu mtu kwenda Nairobi, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa kwa kukosa nauli na gharama.

Wapo watakaosema kwamba Mfuko huu uliundwa kwa ajili ya mazishi, na kwamba tukianza kuwapa nauli wagonjwa, utakauka. Hofu hiyo ni ya haki, wala siidharau. Maiti ya mtu wetu haiwezi kuachwa mjini. Lakini nauli ya mtu aliye hai kwenda na kurudi ni ndogo kuliko gari la kuchukua maiti yake, na akipona ataendelea kuchangia. Ndiyo maana naweka mbele ya Mkutano maombi matatu. Kwanza, sehemu ya Mfuko itengwe kila mwaka kwa ajili ya nauli na vipimo vya wanachama wenye barua ya daktari, na kiasi chake kiwekewe mpaka ili mazishi yasikose. Pili, kila tawi lichague wazee wawili, mwanamume na mwanamke, wa kuwatambua wanaokohoa kwa muda mrefu na kuwapeleka zahanati, kwa siri na kwa heshima. Tatu, katika mikutano ya Chama tumbaku isivutwe.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Sisi Wakamba twajua kazi ya mwethya: mtaro wa shamba la mmoja huchimbwa na wengi, kwa maana udongo ukimomonyoka kwake, hauishii kwake. Mapafu ya mwanachama mmoja na tuyahesabu hivyo hivyo.

Naliacha jambo hili mikononi mwa Mkutano.